Ubao wa Melchora

Kwa miaka yote aliyoishi kwenye kilima kile cha mchanga huko Chorrillos, pembezoni mwa jiji la Lima, Melchora Canchari hakutundika kitu ukutani. Majirani zake walitundika. Kuta zao zilijaa kalenda za bia, picha za ziwa la nchi za theluji zilizochapwa kiwandani kwa maelfu, farasi weupe wakikimbia kwenye ufuko ambao hakuna farasi aliyewahi kuukanyaga. Kwa Melchora uliona tofali tupu na saruji iliyochuruzika katikati yake. Mtu akimtania, "Melchora we, hata picha ya paka huna?" yeye alijibu bila kugeuka, "Yangu inakuja na paa."

Mtu wa Sarhua mwenzake hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwao Sarhua, kule milimani Ayacucho, nyumba ikiezekwa, kompadre wa mwenye nyumba, yaani aliyembatizia mtoto, huleta ubao. Ni mrefu kuliko mtu, mwembamba, umepakwa chokaa, na juu yake amechorwa kwa mkono kila aliye wa nyumba hiyo. Chini kabisa yupo Bikira mlinzi, juu yake wenye nyumba, kisha ndugu wanapanda mmoja juu ya mwingine mpaka kwenye jua. Hakuna anayechorwa mikono mitupu. Huyu ana jembe, yule kinubi, yule anamburuta fahali asiyetaka kwenda. Ubao hufungwa darini, na tangu siku hiyo aliyemo hawezi kusema hamjui mwenye nyumba. Akiitwa kuchimba msingi, atakuja. Akiitwa kubeba jeneza, atakuja. Hauna bei. Anayeuchora hupewa chicha, pombe ya mahindi, na nyama ya simbilisi, na akichora vibaya anasemwa mpaka kwa wajukuu.

Ni kweli kwamba siku hizi hata za kuuza zipo. Nusu ya mtaa ule ilikuwa inachora vibao vidogo, vizuri, ambavyo hata mwalimu au muuza duka angeweza kununua akapamba sebule yake na kitu kilichotoka kwenye mkono wa mtu. Zenaida, binti wa Melchora, aliyekuwa anasomea uuguzi, alishamwambia:

"Mama, si tununue tu kimoja? Tunamwambia mchoraji atuchore wewe na mimi, basi. Ukuta unapendeza na tunalala."

"Na nani atakuja kutubebea zege?"

"Kwa hiyo picha ndiyo inabeba zege?"

"Ya kwetu inabeba. Hiyo ya dukani ni nzuri, sikatai. Lakini haimdai mtu."

Agripino, baba yake Zenaida, aliondoka mtoto akiwa bado ananyonya. Alisema anakwenda Huancayo kutafuta kazi ya lori. Kazi aliipata, na mwanamke pia, na watoto wengine juu ya hayo. Hakuleta hata salamu. Siku alipoondoka nyumba yao ilikuwa mikeka ya matete iliyoegemeana, na ukungu wa Lima ulipita ndani yake kana kwamba umealikwa.

Kila kilichosimama kwenye kiwanja kile baada ya hapo kilisimamishwa na Melchora. Alfajiri alisukuma mkokoteni wake wa kinywaji cha moto, shayiri na mitishamba, akiwauzia madereva na walinzi waliotoka zamu. Mchana aliwabebea mafundi zege kwenye majumba ya watu, akiitazama mikono yao inavyoshika mwiko na timazi. Jioni alirudi kwake kujaribu. Ukuta wake wa kwanza ulikaa upande. Aliubomoa mwenyewe, akayasafisha matofali moja moja, akaanza upya. Wanaume wa mtaa walipita wakicheka: "Melchora, unajenga au unasuka nywele?" Ukuta wa pili uliposimama wima, wanaume walewale walipita wamenyamaza. Hakuna aliyesema hongera. Watu wana maneno mengi sana kwa ukuta uliopinda, lakini ulionyooka huwakausha mate.

Hatimaye kuta zilifika juu na siku ya zege ikapangwa. Zege ya paa humwagwa kwa siku moja bila kukatishwa. Ukikatisha, ya asubuhi na ya kesho yake hazishikani, na pale zilipoachana ndipo tetemeko la ardhi litakapoanzia kazi yake. Kwa hiyo unakodi mashine ya kukorogea, unapika vyungu vikubwa, unaita ndugu. Ndugu wa Melchora walibaki milimani. Waliokuwa karibu ni kaka zake Agripino, wakiongozwa na Fidencio, mwanamume wa kifua kipana na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Waliitika wote. Melchora alishangaa kidogo, maana siku za msingi na kuta hakuwaona, lakini alifurahi, akaongeza viazi kwenye chungu.

Ubao alikuwa anauchora Eleuterio, kompadre wake, ndiye aliyemshika Zenaida kwenye maji ya ubatizo. Eleuterio alikuwa mchoraji wa zamani, mtu mpole, mkaidi, aliyechora kwa unyoya wa kuku na rangi za udongo wakati wenzake wote wamehamia brashi za dukani. Wala hakumuuliza Melchora amchore vipi. Haiulizwi. Kompadre anajua.

Siku ya zege mashine ilianza kunguruma kabla jua halijachungulia. Wanaume walipanda na kushuka ngazi na ndoo mabegani, na Melchora alikuwa juu kabisa, amevaa suruali iliyokauka saruji, akisawazisha zege kwa ubapa wa mbao. Paa lilikuwa limefika nusu pale filimbi na ngoma ziliposikika chini ya kilima. Eleuterio alikuwa anapanda, ubao umefungwa kwenye blanketi la rangi, na mkewe Dionisia nyuma yake na mtungi wa chicha.

"Komadre!" aliita Eleuterio akihema. "Nawa mikono, ushuke ujione!"

Melchora alishuka mbiombio. Hakunawa. Watu walizunguka, blanketi likafunguliwa, ubao ukasimamishwa ukutani, na yeye akaanza kuusoma kama unavyosomwa, kutoka chini kwenda juu. Bikira alikuwa mzuri, na nyota zake. Juu ya Bikira alikuwa Agripino.

Agripino mzima mzima, na kofia mpya. Mkononi ameshika mwiko. Mbele yake ukuta wa matofali yaliyonyooka, umefika kifuani. Kando yake, miguuni, ameketi mwanamke mdogo mwenye sketi pana ya milimani, anasokota sufu.

"Huyu ni nani?" Melchora aliuliza.

"Si ni wewe, komadre."

"Mimi nimesokota sufu lini?"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa siku. Eleuterio naye akacheka.

"Nakuuliza kompadre. Mara ya mwisho kushika sufu nilikuwa sijaota magego. Na huyu mwenye mwiko?"

"Ah. Huyo ni mwenye nyumba."

Kicheko kikapungua. Melchora alitazama mikono yake, saruji imeingia mpaka kwenye mipasuko ya ngozi, kisha akatazama mikono ya Agripino kwenye ubao, laini, ya waridi.

"Kompadre, huyu mtu hakuweka tofali hata moja hapa. Hajui mlango uko upande gani."

"Najua, komadre, najua. Lakini ubao si picha ya kitambulisho. Ubao unaonyesha nyumba inavyotakiwa iwe. Mume ukutani, mke na sufu yake. Baba yangu alichora hivyo, babu yangu alichora hivyo."

"Na babu yako aliwahi kumchora mume aliyetoroka?"

"Enzi zake hapakuwa na barabara ya kutorokea," alidakia Dionisia, na wanawake wakaangua kicheko.

"Nyamaza, mama," alisema Eleuterio kwa upole.

"Basi utani uishe," alisema Melchora. "Mtoe."

Fidencio alikuwa amesimama chini ya ngazi na ndoo iliyojaa begani. Alisogea.

"Shemeji, usituharibie siku. Kaka ni kaka."

"Kaka yako yuko Huancayo."

"Awe Huancayo, awe mwezini. Unafikiri sisi tumekuja kubeba zege hapa kwa ajili ya viazi vyako? Tunaezeka nyumba ya kaka yetu."

"Rudia."

"Nyumba ya kaka yetu."

Hapo ndipo Melchora alipoelewa kwa nini waliitika wote. Ubao ule ukishapanda darini, na watu wote wameuona na kuunywea chicha, hakuna mtu mtaani angeuliza tena nyumba ni ya nani. Ingekuwa imesemwa, kwa rangi, juu ya kichwa chake, kila usiku akilala.

"Fidencio, niambie," alisema. "Kaka yako akishuka kwenye basi kesho na sanduku lake, atakuwa amekuja kwa nani?"

"Atakuwa amekuja kwake."

"Na mimi?"

"Wewe ni mke wake, shemeji. Nani anakufukuza?"

Alisema hivyo kwa ukarimu kabisa! Hiyo ndiyo iliyomchoma Melchora kuliko tusi. Mwanamume amesimama kwenye kivuli cha ukuta ulioinuliwa na mwanamke, anamhakikishia kwamba hatafukuzwa. Sheria zetu zimejaa watu wa namna hii, na meza za ofisini pia, lakini mtu haoni uchungu wake sawasawa mpaka amkute mlangoni kwake ameshika ndoo.

"Kompadre," alisema Melchora, "mtoe Agripino hapo. La sivyo huo ubao hauingii kwangu."

Filimbi ilinyamaza. Kuna mambo hayakuwahi kusikika, na kukataa ubao ni mojawapo.

"Sawa," alisema Fidencio. "Kaka yangu akitoka kwenye ubao, na mimi nimetoka kwenye kazi. Naiweka ndoo chini."

"Iweke."

Aliiweka. Kaka zake wakaweka za kwao, moja moja, zikasimama mstari kwenye mchanga. Juu, nusu ya paa ilikuwa zege mbichi, nusu nyingine nondo tupu zinazong'aa. Mashine ilikuwa inazunguka na tumbo lake limejaa.

"Komadre," alinong'ona Eleuterio, "kubali leo. Paa litaharibika. Mengine tutazungumza kesho."

"Kesho nani atanisikiliza?"

Akachukua ndoo ya Fidencio, akaiegemeza begani, akapanda ngazi. Zege ilimwagika mgongoni, hakusimama. Alipogeuka kushuka alimkuta Zenaida nyuma yake, amevua koti jeupe la chuoni, ndoo imemzidi uzito, uso mwekundu.

"Peleka nusu nusu, mwanangu."

"Wewe ulipeleka nzima."

Chini, Dionisia aliweka mtungi wa chicha kivulini, akazikunja sketi zake na kuzikaza kiunoni.

"Dionisia, unakwenda wapi?" aliuliza mumewe.

"Kusokota sufu."

Baada ya hapo hapakuwa na kuombana. Mwanamke wa duka la kona alikuja na ndoo yake ya kufulia. Mama mmoja aliyekuwa na bifu na Melchora tangu wakati wa kugombea bomba la maji alikuja bila kumsalimu, akasimama katikati ya ngazi, akaanza kupokeza. Wakapanga mstari, ndoo zikipita mkono kwa mkono, na vijana wa mashine ya kukodi, ambao hawakuwa ndugu wa mtu yeyote pale, wakaendelea kukoroga. Fidencio na kaka zake walikaa kwenye lundo la mchanga. Walitazama vyungu.

"Shemeji," aliita mmoja wao, "hata chakula?"

"Chungu hakifunuliwi mpaka paa liishe!" Melchora alijibu kutoka juu. "Waulize walio kwenye ngazi wakuruhusu!"

"Nenda Huancayo, kaka yako amepika!" alipiga kelele Dionisia, na kicheko kikapita mstari mzima pamoja na ndoo.

Eleuterio alibaki amekumbatia ubao wake kama mtu aliyebeba mgonjwa na hajui hospitali ilipo. Alimtazama mkewe akipanda, akamtazama tena akishuka. Mwishowe aliuegemeza ubao ukutani, uso wake ukitazama matofali, akaokota ndoo iliyobaki.

Walimaliza jioni. Melchora alisawazisha kona ya mwisho, akateremka, akafunua vyungu kwa mkono wake, akawapakulia waliobeba. Fidencio na wenzake walikuwa wameshaondoka, wamechukia. Kisha akauchukua ubao mwenyewe na kumpa Eleuterio.

"Nashukuru kwa zege, kompadre. Nenda na uongo wako."

Blanketi lilikuwa limepotea kwenye vurugu, kwa hiyo Eleuterio aliteremka nao kilimani wazi wazi, mtaa mzima ukiona ubao unaorudi ulikotoka.

Zilipita wiki, zege ikilowekwa maji na kukomaa. Maneno yalisemwa. Kwamba Melchora amekuwa mwanamume. Kwamba nyumba isiyo na ubao huleta nyufa. Kwamba Zenaida hatapata mume, maana nani anataka mama mkwe wa namna ile. Melchora alisukuma mkokoteni wake alfajiri, na waliosema maneno walikuja kunywa shayiri yake na kuomba ndimu zaidi. Usiku, hata hivyo, alilala macho akiitazama dari. Paa alilitaka, na paa alilipata, na bado ukuta ulikuwa mtupu kama zamani. Ilimuuma. Kukataa uongo ni jambo jema, lakini hakukupi cha kutundika.

Siku ya kuondoa nguzo na mbao zilizoshikilia zege, Eleuterio alitokea mlangoni na kitu kimefungwa kwenye blanketi jingine. Alionekana amekonda.

"Dionisia amegoma kupika tangu siku ile," alisema. "Anasema anafanana na picha zangu, amekaa tu. Nitazame, komadre. Nimekwangua kwa kipande cha chupa mpaka vidole vimetoka damu. Ukisema sivyo tena, naacha kuchora, nauza mandazi."

Aliufunua. Melchora alianza chini. Bikira palepale. Juu yake amesimama mwanamke, peke yake, mwiko mkononi, ukuta mbele yake. Amevaa suruali. Hakuna ubao wa Sarhua uliowahi kuwa na mwanamke wa suruali, na Eleuterio alikuwa ameichora kwa uoga, ukingo wake umerudiwa rudiwa. Pembeni Zenaida ameshika bomba la sindano kubwa kuliko mkono wake. Juu yao ngazi, na ngazi imejaa wanawake na ndoo. Hata yule wa bomba la maji alikuwemo, amenuna. Na kando kabisa, karibu na ukingo, kwenye njia nyembamba inayopotea milimani, mwanamume amegeuza mgongo, ana sanduku.

"Nilisema umtoe," alisema Melchora.

"Ubao hauwezi kusema hakuwepo, komadre. Zenaida hakushuka na ukungu. Nimemweka mahali alipo."

Melchora alimgusa yule mwanamume wa njiani kwa kidole. Kisha: "Mbona bado ana kofia mpya?"

"Hiyo imegoma kukwanguka."

Walikuwa bado wanautazama pale mlango ulipoingia giza. Fidencio alikuwa amesimama hapo, hajakaribishwa, kofia mkononi. Habari za ubao kurudi zilikuwa zimemfikia. Hakusalimia.

"Mimi nimo?" aliuliza.

"Umo," alisema Eleuterio.

"Nimeshika nini?"

Eleuterio alikohoa. Fidencio akasogea mwenyewe, akainama, akajitafuta. Alijikuta kwenye lundo la mchanga, na kifua chake kipana, mikono juu ya magoti. Ndoo iko chini.

"Futa hii!" alifoka. "Eleuterio, futa! Watoto wangu wataiona! Watu watakuja hapa kula na kunywa wataniona nimekaa!"

"Si ulikaa?" aliuliza Zenaida.

"Wewe mtoto nyamaza! Shemeji, mwambie anifute."

"Anaweza kukufuta," alisema Melchora. "Kipande cha chupa anacho hapo mfukoni. Akukwangue kabisa usiwemo. Halafu siku ukiezeka kwako, usituite."

Eleuterio alikitoa kipande cha chupa kweli, akangoja. Fidencio alikitazama. Nyumba yake, juu zaidi kilimani, bado ilikuwa mikeka ya matete na mabati ya kuokota, na watoto wake walikuwa wengi. Alizungusha kofia yake mikononi.

"Basi anichore nimebeba."

"Beba kwanza. Ngazi ya zege ya kupandia juu bado haijamwagwa. Ukibeba atakuchora umebeba; hatakuonea."

"Sawa, nitabeba," alisema Fidencio kwa hasira. "Nitabeba, yaishe."

"Hayajaisha. Nyumba ya nani hii, Fidencio?"

Mafundi waliokuwa wanang'oa mbao chumba cha pili walisimamisha nyundo. Fidencio alitazama dari, akatazama mlango, akamtazama Eleuterio aliyejifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Yako," alisema kwenye kofia yake.

"Sijasikia. Na wale wa chumba cha pili hawajasikia."

"Yako, shemeji! Yako! Unataka nikaseme na sokoni?"

"Ndiyo, na sokoni. Na uwaambie kaka zako. Na yule wa Huancayo ukimpigia simu, mwambie pia." Alimsukumia upande mmoja wa ubao. "Haya, shika huko, ni mzito."

Fidencio alishika, akinung'unika. Melchora alipanda ngazi na mashine ya kutobolea mkononi, akaielekeza kwenye zege yake na kuanza kutoboa. Vumbi jeupe lilimwagikia nywele zake na kofia ya Fidencio. Bado alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kuishusha.

"Inua upande wako!" alimwambia. "Umepinda!"